Visahani chini ya miembe: acha cha kasi nyumbani

Wanaocheza gofu ya visahani (mchezo wa kurusha kisahani hadi kikapuni kwa mirusho michache iwezekanavyo) kwenye viwanja vidogo vyenye miti, kama chini ya miembe yetu hapa Tabora: kisahani cha kasi, chenye ukingo mpana uliochongoka, hakina kazi humo. Anza na kile cha kulengea kikapu, chenye ukingo butu. Kinakwenda taratibu na kunyooka, na kikigonga shina huanguka papo hapo badala ya kuruka hadi shamba la jirani.

Kabla ya kurusha, sahau kikapu kwanza. Tafuta upenyo mpana kati ya mashina, ulenge huo. Ukirusha kwa mkono wa kulia, kiganja kikianzia upande wa kushoto wa kifua, kisahani kikiishiwa mwendo kitakata kushoto. Kwa hiyo shina la kuogopa ni lile la kushoto, karibu na mwisho. Matawi ya mwembe huinama, basi rusha chini, usawa wa kifua.

Kikizama kichakani, mrusho unaofuata kitupe pembeni hadi peupe, usilazimishe kupenya kuelekea kikapuni. Na tafadhali, chokoachokoa kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono. Nunua cha rangi ya waridi. Cha kahawia kwenye majani makavu ya kiangazi utakitafuta hadi magharibi.