Somo: Mwamba wa Kit Mikayi unakuvuta kwa kiasi gani?

Kila chenye tungamo huvuta kingine. Kit Mikayi, ule mwamba wa Seme nje ya Kisumu wenye kimo cha mita 40 hivi, nao unakuvuta ukisimama kando yake. Tuhesabu kwa mtu wa kilo 70.

1. Kadiria tungamo. Uchukulie mwamba kuwa tufe la kipenyo cha mita 40, yaani mita za ujazo 33,500. Kila mita ya ujazo ya mwamba ina kama kilo 2,700. Jumla kilo milioni 90. (Mwamba wenyewe ni mawe yaliyopandana, una mianya, kwa hiyo tumeuzidishia.)

2. Pima umbali hadi katikati ya mwamba. Wengi hupima hadi ukingoni, hesabu ikaharibika hapo. Ukisimama mita 10 kutoka ukingoni, umbali ni mita 30.

3. Zidisha tungamo kwa 6.67 × 10⁻¹¹, namba isiyobadilika ya mvutano wa vitu vyote, ugawanye kwa mraba wa umbali, 900. Jibu: mita 0.0000067 kwa sekunde mraba.

4. Gawanya kwa 9.78, mvutano wa Dunia huku kwetu ikweta, kisha zidisha kwa kilo 70. Mwamba unakuvuta kwa nguvu sawa na uzito wa miligramu 48.

5. Sasa angalia upande, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Dunia inakuvuta chini, mwamba unakuvuta ubavuni. Mizani husoma kinachoikandamiza kwenda chini tu, hivyo miligramu hizo haizioni kamwe. Timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, ndiyo huziona: uzi wa mita 10 utaelekea mwambani kwa milimita 0.007. Mwaka 1774 mwanaastronomia Mwingereza Nevil Maskelyne alitumia njia hii kwenye mlima Schiehallion, Uskoti, kukadiria uzito wa Dunia nzima.

Swali: Nikipanda juu yake, si utanivuta chini?

Jibu: Ndiyo, utakuongezea gramu 0.1. Lakini umejitenga na Dunia kwa mita 40, na hilo linakupunguzia gramu 0.9. Kwa jumla umepungua.

Swali: Na nikitoka Kisumu kwenda Nakuru?

Jibu: Unapanda kama mita 720. Kimo peke yake kinapunguza gramu 16. Hewa ya Nakuru ni nyepesi, inakuinua kwa nguvu ndogo kuliko ya Kisumu, kwa hiyo karibu gramu 5 zinarudi. Mizani ya bafuni inayoruka gramu 100 kwa 100 haitaonyesha lolote.

Swali: Mizani ya mikono miwili je?

Jibu: Hiyo mvutano hauibadilishi popote. Jiwe la kupimia nalo hupungua kwa kiwango kilekile.