Chumba cha muvi cha mbao na magogo: jinsi nilivyokijenga Moshi, na ulipo mtego

Wadau, kuna watu wameniuliza sana hiki chumba changu nimekifanyaje, kwahiyo leo naandika kila kitu nimalize. Ilikuwa stoo tu nyuma ya nyumba, mita 4.8 kwa 3.6, imejaa magunia na baiskeli mbovu, saivi ndo tunaangalizia mpira na muvi na watoto hawataki kutoka.

Jambo la kwanza kabla hujaenda hata kununua msumari: usianze na mbao. Najua mbao ndo inayovutia, umeona picha za vile vibanda vya milimani vya Ulaya ukapagawa, ila ukianza na urembo utaishia na chumba kizuri ambacho sauti inagonga kama upo bafuni. Anza na giza na sauti, af mbao na magogo uyapange yafanye hiyo kazi. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba vitu vyenyewe ni vya mikwaruzo na mabonde, na sauti inapenda mabonde.

Vipimo. Chukua inchi za picha unayotaka, zinazopimwa kona mpaka kona, zidisha kwa 2.54 upate sentimita, af zidisha tena kwa 1.2, hapo ndo karibu kabisa pa kukaa, na ukizidisha kwa 1.6 ndo mbali kidogo kwa mtu asiyependa kugeuza shingo. Picha ya inchi 100 inakupa kama mita 3 mpaka 4, na upana wake ni mita 2.2 hivi, urefu kwenda juu mita 1.25. Mimi ukuta wa mbele ni 3.6 so zikabaki sentimita 70 kila upande za kuweka spika. Viti nimeviweka mita 3.2 toka kwenye picha, nyuma inabaki nafasi ya kupita. Usibandike kochi kwenye ukuta wa nyuma, besi inajazana pale unasikia mvumo tu. Na kama unataka safu mbili za viti yenye nyuma imeinuliwa, chumba cha mita 5 kitakubana, tafuta 6 na kuendelea.

Projekta nayo ina namba yake kwenye kitabu chake, umbali ukigawanya kwa upana wa picha. Yangu ni 1.2, kwahiyo 2.2 mara 1.2 inakuja kama mita 2.65 toka ukutani, pale ndo nikafunga bano kwenye boriti. Pima kwanza ndo utoboe, sio utoboe halafu uanze kuhangaika na picha iliyopinda.

Skrini sikununua. Ukuta umepigwa skimu mpaka ukawa laini kama kioo, rangi nyeupe ya mati mikono miwili, basi. Pembeni fremu ya mirunda iliyopasuliwa katikati, ila kati ya mrunda na picha nimezungushia kitambaa cheusi cha sentimita 7, kile cheusi ndo kinafanya picha iwake. Ukuta wa mbele uliobaki nje ya picha na dari la karibu na skrini nimepaka kahawia ya kukolea, karibu na nyeusi. Mama watoto alilalamika chumba kinafanana na pango, nikamwambia washa projekta uone, tangu siku hiyo kimya.

Haya sasa mbao. Nenda kwa wapasua mbao uulize mabanzi, yale maganda ya pembeni ya gogo yanayotoka mwanzo kabla mbao haijanyooka. Wengi wanauza kwa ajili ya kuni au banda, kwahiyo bei inaongeleka. Huku kwetu grevilia ipo kila shamba la kahawa, saiprasi nayo haikosekani, zote zinafaa. Tatizo yanakuja mabichi. Ukiyapiga misumari mabichi, miezi mitatu mbele yamesinyaa, kati ya banzi na banzi mkono unapita. Yapange kivulini, weka vijiti katikati hewa ipite, juu funika na bati, uwe na subira miezi kadhaa. Magamba yote bandua, huko ndo dumuzi wanakolala.

Na hapa nikiri ujinga wangu. Fundi aliniambia, "Bosi, hapa tunapaka oili chafu, mchwa hasogei." Mi nikakubali, si ndo tunavyofanya kwenye mabanda na nguzo za uzio? Jamani. Chumba kimefungwa, hakina dirisha la maana, oili imepakwa ukuta mzima wa kushoto. Tulikaa dakika ishirini kichwa kinauma, nguo zinanuka gereji. Wiki tatu milango wazi na bado. Mwisho nikabandua ukuta wote, yale mabanzi saivi yapo kwenye banda la kuku na kuku hawajalalamika. Ndani tumia dawa ya mchwa ya dukani, paka nje kwenye hewa, acha ikauke kabisa ndo uingize. Juu yake vanishi ya mati. Ile ya kung'aa inarudisha mwanga wa skrini, utaona muvi mara mbili, moja mbele moja ukutani.

Ukitaka mbao ionekane ya miaka hamsini kuna kamchezo. Chukua ubao wa saiprasi au paina, pitisha tochi ya gesi kama ya mafundi friji, haraka haraka, mpaka uso ugeuke mweusi ila usishike moto. Af sugua na brashi ya waya kufuata nyuzi za mbao. Zile sehemu laini zinaungua na kutoka, ngumu zinabaki zimesimama, ukipitisha kidole unasikia mistari kabisa. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Fanyia nje na ndoo ya maji iwe pembeni.

Paleti za mizigo nazo zinatumika, ila soma muhuri. HT ni zilizopigwa joto, hizo chukua. MB zimepigwa gesi ya sumu ya kuulia wadudu, acha hapo hapo hata kama anakupa bure.

Sauti sasa, na hapa ndo machalii wengi wa Arusha na Moshi tunapigwa. Trei za mayai hazisaidii. Zinagusa sauti nyembamba kidogo tu, besi inazipita kama hazipo, na zikishika moto ni balaa. Nilichofanya ni fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10, ndani nimejaza sufi ya mawe (rockwool), mbele nimevika magunia ya kahawa, yale ya katani yenye maandishi. Gunia libandike mdomoni upulize, hewa ikipita na sauti itapita. Lifue na ulianike jua kali kwanza, lina vumbi na wadudu. Fremu usiigandamize ukutani, acha nafasi ya sentimita 5 nyuma yake.

Wapi pa kuziweka? Kaa kwenye kiti chako, mtu atembeze kioo kwenye ukuta wa pembeni, pale unapoiona spika ya mbele ndani ya kioo, weka alama, hapo ndo fremu inakaa. Kona za mbele weka nene zaidi kwa ajili ya besi. Ukuta wa nyuma nimebandika vipande vya magogo vya urefu tofauti, kingine sentimita 3 kingine 15, vimechanganywa ovyo, vinatawanya sauti na kila mgeni anakuja kuvishika.

Spika za mbele ile tundu ndogo ya sauti nyembamba iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa, mita moja hivi. Chini zulia zito, madirishani pazia nene, Kiboriloni kwenye soko la mitumba utapata mazito kuliko ya dukani.

Umeme usifanye utani kwa sababu ukuta ni mbao. Waya zote ndani ya paipu, eathi iwepo, soketi waya wa milimita 2.5 za mraba, na weka stabilaiza umeme usije ukarudi kwa kishindo ukaondoka na projekta. Kebo ya HDMI ipitishie bomba la inchi moja na nusu lisilo na kona kali na uache kamba ndani, maana siku ikifa hutaki kubandua ukuta.

Taa nimetumia vibuyu, vile vya kunywea mbege, nimevitoboa matundu kwa drili nikaweka balbu za LED za njano, na chemli mbili kuukuu nazo za balbu, sio mafuta ya taa.

Kuhusu bati la paa, sina la kuficha. Masika ikishika, Machi mpaka Mei, mvua inapiga husikii hata mzinga. Niliweka tabaka mbili za jipsamu na sufi juu ya dari, imepungua, haijaisha. Siku hizo tunawasha maandishi ya chini.

Walio Arusha wapandao kuelekea Meru, angalieni kwenye menyu ya projekta, nyingi zina mpangilio wa nyanda za juu (High Altitude), kawaida kuanzia mita 1500, hewa ikiwa nyepesi feni inabidi izunguke zaidi. Sisi wa Moshi tatizo ni vumbi la kiangazi, chujio la projekta nalipuliza kila mwezi.

Viti vya magogo nilitengeneza vinne, vizuri kweli, na dakika ya arobaini kila mtu anahama kwenda kwenye zulia. Saivi vinabeba bisi na soda, tunakalia makochi ya mtumba.