Usipige Kwanza: Kuwinda Mazimwi Adimu wa Eorzea

Mdogo wangu alipoanza kucheza Final Fantasy XIV, gemu la mtandaoni lenye ulimwengu wake uitwao Eorzea, swali lake la kwanza halikuhusu hadithi wala mavazi. Alifika eneo la Northern Thanalan akakuta watu kama hamsini wamepanda vipando vya kila aina, farasi, ndege, hata sofa inayopaa, wamelizunguka dude moja kubwa na hakuna anayeligusa. Akanigeukia: "Kaka, hawa wanamngoja nani?"

Wanangoja wenzao wafike. Ukishalielewa hilo, mengine utajifunza njiani.

Mimi nililielewa kwa aibu. Kontrola niliyokuwa natumia ilikuwa ya kuazima, kitufe kimoja kinanata. Nilikuwa mpiga upinde, nimesimama mbele ya zimwi la daraja la S, la kwanza kuliona maishani. Nikataka tu kulilenga nisome jina lake, kidole kikateleza, mshale ukaenda. Likaamka, waliokuwepo wakalivamia, na kabla dakika haijaisha likawa limelala chini. Waliokuwa bado wanapaa kutoka mji wa jirani walikuta vumbi. Sitakuandikia niliyoambiwa kwenye chati. Siku hizi nikifika kwenye windo, kitu cha kwanza ni kubaki juu ya kipando. Ukiwa umepanda, huwezi kurusha kitu hata kidole kikiteleza.

Sasa tuanze. Uwindaji huu uliingia kwenye gemu Julai 2014, na mazimwi yamegawanywa katika madaraja: B, A na S. B ni wa mazoezi. Ukifika levo ya 50, ukawa umejiunga na mojawapo ya Grand Company tatu (majeshi ya miji mikuu ya gemu) na kupanda cheo hadi Second Lieutenant, utapewa kazi iitwayo "Let the Hunt Begin". Ukiimaliza, unachukua karatasi za windo kwenye ubao ulioko makao makuu ya kampuni yako. Karatasi ya B ni moja kwa wiki. Usiidharau: itakuzungusha eneo lote, na utaanza kukariri sehemu ambazo mazimwi hupenda kusimama. Nilijifunza ramani ya Thanalan kwa kutafuta B, wala si kwa kusoma.

A ndio wengi wanaowinda. Kwenye maeneo ya zamani yupo mmoja kila eneo. Kuanzia Heavensward, toleo kubwa la kwanza la nyongeza, wako wawili kila eneo, na kwa kuwa kila toleo kubwa lina maeneo sita, unapata 12. Akiuawa, huko kwenye maeneo mapya hurudi baada ya saa 4 hadi 6 hivi. Ndiyo maana watu wameunda treni: mtu mmoja au wawili wanatangulia kuwatafuta wote 12 bila kuwagusa, wanaandika alipo kila mmoja, kisha saa iliyopangwa kiongozi anawapitisha watu kituo kwa kituo. Mgeni, panda treni kwanza. Utaona watu wanavyofika, wanavyosubiri, kiongozi anavyohesabu, na utavuna bila kujua hata njia.

Kuna jambo dogo ambalo wageni hulikosa. Zawadi inategemea umechangia kiasi gani, na wenye levo ya 100 wanamwua A wa zamani kwa sekunde chache. Ukiwa peke yako na levo ya 50, hilo pigo lako moja halitaonekana. Ingia kwenye kundi. Kundi kamili ni watu wanane, na mara nyingi mtu atapaza sauti kwamba nafasi ipo. Ukiuawa, usibonyeze kurudi nyumbani. Lala hapo hapo, waganga wapo, watakufufua.

Na wewe ukiwa ndiye uliyemwona? Fungua ramani, weka bendera pale alipo, kisha kwenye chati andika /sh (amri ya kupaza sauti), jina lake, na <flag>. Wenzako wataona alama wanayoweza kuibonyeza. Taja namba ya eneo pia kama eneo limegawanywa nakala, maana watu watajaa nakala ya kwanza na zimwi liko ya pili. Anayecheza kwa akaunti ya majaribio ya bure, ile inayokufikisha levo ya 70, hawezi kupaza sauti, basi mwombe aliye karibu akupazie.

Kwa sisi wa huku, hakuna seva Afrika. Mimi niko Tanga na nacheza seva za Ulaya, kituo cha Light. Jioni ya Ulaya inakaribiana na yetu: kwa wengi wao ikiwa saa mbili usiku, hapa ni saa tatu au saa nne kutegemea msimu wao. Treni zinaondoka ukiwa umeshakula, watoto wamelala. Ambaye amejiunga seva za Marekani atakuwa anaamka alfajiri na macho mekundu.

Hilo la saa linanileta kwa S, ambako ndiko utamu ulipo. S hatokei tu. Lazima siku kadhaa zipite tangu auawe, kisha mtu atimize sharti lake, na kila mmoja ana lake. Minhocao wa Northern Thanalan anataka earth sprite 100, vile viumbe vidogo vya udongo, wauawe. Nandi wa Upper La Noscea anataka upite na kijidude chako cha kufuatana nacho. Safat wa Coerthas anataka afya yako ishuke hadi 1, kwa hiyo utaona watu wazima na akili zao wanajirusha kutoka majabalini, wanapanda tena, wanajirusha tena. Croque-Mitaine wa Middle La Noscea anataka mchimbaji achimbe udongo maalumu kati ya 19:00 na 22:00 za Eorzea.

Hapo mdogo wangu aliniangusha kicheko. Alikaa akingoja saa kumi na tisa. Saa ya gemu ni ya kizungu: 19:00 ni saa moja usiku, 22:00 ni saa nne. Halafu siku nzima ya Eorzea ni dakika 70 za kwetu, kwa hiyo hayo masaa matatu ni dakika 8 na sekunde 45 tu. Fika na sururu mkononi.

Wa mwezi ndio niwapendao. Croakadile wa Lower La Noscea anatoka usiku wa mwezi mpevu, Mindflayer wa South Shroud usiku wa mwezi mwandamo, ukipita mahali pake. Bibi yangu alichokoa pweza miaka yote ya ujana wake, na hao wawili ningemweleza asingehitaji maelezo: ni siku za bamvua, mwezi ukijaa na mwezi ukifa. Tofauti ni kwamba mwezi wa Eorzea una siku 32 zao, ambazo ni kama saa 37 zetu. Ukiikosa bamvua leo, kesho kutwa ipo nyingine.

Mgeni akiniomba S mmoja wa kuanza kumwinda mwenyewe, nampa Laideronnette wa Central Shroud, nje tu ya Gridania. Hana mauaji ya mia wala kujirusha. Anataka mvua inyeshe dakika 30 mfululizo. Hali ya hewa hubadilika kila dakika 23 na sekunde 20, maana yake mvua moja haitoshi, zinatakiwa mbili zifuatane. Mjini yupo mtabiri wa hali ya hewa, muulize kabla hujatoka. Mvua ya kwanza ikianza, washa saa ya simu. Ya pili ikishaanza, hesabu dakika 6 na sekunde 40, uwe umeshaanza kuzunguka zile sehemu anazotokea. Nilimkosa mara tatu: mara moja umeme ulikatika dakika ya 28, mara mbili alikuwa ameshauawa juzi yake. Mara ya nne nilimwona chini ya miti, amelowa, peke yake. Nikabaki juu ya kipando, nikaweka bendera, nikapaza sauti.