Anza na Kitabu cha Mapishi, Riwaya Baadaye

Nilipoanza kusoma vitabu vya Waamishi, wale Wakristo wa Marekani wanaotumia magari ya farasi na kuishi kwa kanuni zao wenyewe, nilifanya makosa mawili. Nilianza na riwaya, na niliiamini namba 350.

Nieleze kwanza hilo la pili, maana harufu yake ilifika hadi kwa mwenyekiti wa mtaa. Kitabu cha mapishi kilisema pai iokwe kwa joto la 350. Oveni ya jirani yangu hapa Musoma mwisho wake ni 250. Tukazungusha hadi mwisho, tukakubaliana kwamba kilichopungua tutakifidia kwa dakika. Tulichokitoa mle ndani kilihitaji patasi. Mwanangu ndiye aliyekuja kuniambia kwamba Wamarekani hupima joto kwa Farenhaiti, kwa hiyo 350 yao ni kama 175 au 180 yetu. Wakiandika 425, wewe weka 220. Kikombe chao ni mililita 240, kijiko cha chakula 15, cha chai 5, na kipande kimoja cha siagi ya dukani kwao ni gramu 113. Andika hayo kwenye karatasi, bandika ukutani jikoni, na oveni ya jirani itasalimika.

Kosa la kwanza nilichelewa kuligundua. Wageni wa kanisa walituachia boksi la vitabu vilivyokwisha kusomwa, nami nikamaliza riwaya tano mfululizo hadi nikajiona mjuzi. Chini kabisa ya boksi kulikuwa na kitabu cha mapishi chenye waya mgongoni, kurasa zimegandana kwa unga na siagi. Nilikisoma kwa kukosa kingine cha kusoma. Nilipoirudia ile riwaya ya kwanza, nikaona kwamba mara ya kwanza nilikuwa nimepita juu juu tu. Tangu siku hiyo, mtu akija kuazima riwaya namkabidhi kitabu cha mapishi kwanza. Wengine hununa.

Sababu yangu ni moja. Riwaya hizi, sehemu kubwa, zimeandikwa na watu wasio Waamishi. Wamo Waamishi wanaoandika, lakini ni wachache. Wengi ni Wakristo wa madhehebu mengine, baadhi yao wakiwa majirani au wajukuu wa watu wa jamii hizo. Wimbi lenyewe lilipata nguvu mwaka 1997, Beverly Lewis alipotoa The Shunning, kisa cha binti anayetengwa. Kitabu cha mapishi cha jumuiya kimetungwa na wanawake wenyewe, na kila pishi lina jina la aliyelitoa. Huyo ni shahidi. Mwandishi wa riwaya amesimuliwa, kisha naye akatusimulia.

Na kabla hujaenda mbali, usifanye kama nilivyofanya mimi, ukachanganya Waamishi na Wamennonite. Mimi ni Mmennonite wa kuzaliwa. Wamishenari wetu wa kwanza walifika Shirati mwaka 1934, na bodi iliyowatuma ilikuwa ya Lancaster, Pennsylvania, kaunti ileile ambamo visa vingi vya riwaya hizi hutokea. Bibi yangu alifunga kitambaa cheupe kichwani hadi anaingia kaburini, na kila baada ya Meza ya Bwana walitawadhana miguu na wenzake, wawili wawili. Basi nilipomwona kwenye jalada msichana mwenye kofia nyeupe ya kitambaa nikasema, huyu ni wa kwetu. Ni wa kwetu, ila ni ndugu wa mbali. Wote tumetoka kwa Waanabaptisti, walioanza Zurich mwaka 1525 kwa kukataa ubatizo wa watoto wachanga. Mwaka 1693 mzee mmoja, Jakob Ammann, akakosana na wenzake, na moja ya hoja kubwa ilikuwa hii: mtu aliyeondolewa kanisani, atengwe hadi wapi? Hata mezani nyumbani kwake? Ammann alisema ndiyo. Waliomfuata ndio Waamishi, na swali hilo la mezani ndilo uti wa mgongo wa nusu ya riwaya utakazosoma.

Sasa fungua kitabu cha mapishi. Soma majina kabla ya vyakula. Kitabu kilichotoka Lancaster kitakuchosha kwa akina Stoltzfus, Beiler na Fisher; cha Holmes County, Ohio, kimejaa Yoder, Miller na Troyer. Kwa uchache huo wa majina utaona jinsi watu hawa walivyooana wao kwa wao kwa vizazi. Wanawake wengi wameandikwa kwa jina la mume. Usiwaonee huruma haraka. Mimi mwenyewe nimeitwa Mama Fulani kwa miaka thelathini, na wapo majirani wasiolijua jina langu la ubatizo.

Kisha angalia maelezo yalivyo mafupi. Changanya, kanda, oka hadi iive. Basi. Iive vipi? Hawasemi, kwa sababu aliyeandika hakuwa anakuandikia wewe. Aliwaandikia mabinti waliokwisha kusimama karibu na mama zao. Mama mkwe wangu ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza chumvi kiasi gani anakwambia, ya kutosha.

Mwishoni tafuta kurasa za vyakula vya watu wengi. Hapo ndipo pa kukaa. Waamishi wanaoshika desturi za zamani (Old Order) hawana jengo la kanisa. Ibada ni kila baada ya wiki mbili, nyumbani kwa mmoja wao au kwenye ghala lake, na mabenchi hufika kwa gari maalumu la farasi linalozunguka nyumba hadi nyumba. Ibada huchukua kama saa tatu, kisha wote wanakula: mkate, siagi ya karanga iliyochanganywa na sharubati nzito, achari, pai za matufaa yaliyokaushwa. Kwa hiyo riwaya ikikwambia kwa sentensi moja tu kwamba Jumapili ijayo ibada ni kwao, wewe uliyesoma mapishi unajua kwamba mama wa nyumba ile amesugua kuta na kuoka pai ishirini. Sisi tunaobeba masufuria ya kanisa kwenye misiba tunaelewa, hata mwandishi asipotuambia.

Pika kimoja. Usisome tu. Mimi nashauri ile pai ya molasi ya Pennsylvania, shoofly, yaani "fukuza inzi", ambayo husemwa kuwa ilipata jina lake kwa kufukuza inzi waliovutwa na utamu. Inatengenezeka hata bila oveni. Molasi ninayoijua mimi ni ya kulishia ng'ombe, kwa hiyo natumia sukari guru: robo kilo, naikwangua, naiyeyusha kwa moto mdogo na vijiko vinne vya maji hadi iwe nzito kama asali. Ikipoa kidogo, piga yai moja ndani yake. Pembeni sugua unga kikombe kimoja, sukari ya kahawia theluthi mbili za kikombe na kijiko cha mafuta ya mgando kwa ncha za vidole, hadi iwe chenga chenga. Sasa chukua robo tatu ya kikombe cha maji yanayochemka, tia kijiko cha chai cha magadi ya kuokea, na umimine kwenye ile sukari guru. Molasi ina ukali wake unaoamsha magadi. Sukari guru haina mwingi, basi mimi nakamulia nusu ndimu. Litapanda povu. Usiogope, na usilisubiri litulie: mimina haraka kwenye ganda la pai, mwagia chenga juu, peleka motoni. Dakika kumi na tano kwa 220, kisha arobaini kwa 175. Kama huna oveni, tandaza mchanga kwenye sufuria kubwa, weka chombo juu yake, funika, makaa chini na mengi zaidi juu ya kifuniko. Chini itabaki laini kama ugali wa ulezi, juu ikauke. Ndivyo inavyotakiwa, haijaharibika.

Ganda la pai kitabu kitataka mafuta ya nguruwe. Kwenye kikundi chetu cha kusoma kuna Wasabato wawili na Mwislamu mmoja, kwa hiyo hapa hayapiti mlangoni. Mafuta ya mgando ya mimea yanatosha.

Pai ikishapoa ndipo uchukue riwaya. Mhusika akitokea tu, swali langu la kwanza ni: amebatizwa? Waamishi hubatizwa wakiwa watu wazima, mara nyingi kati ya miaka kumi na minane na ishirini na miwili, kwa hiari yao wenyewe. Kijana kuanzia miaka kumi na sita hivi anaingia kwenye kipindi wanachokiita Rumspringa, cha kutoka na wenzake na kutafuta mchumba. Filamu na riwaya hupenda kukionyesha kama ulevi mtupu, lakini kwa wengi ni kukutana Jumapili jioni kuimba. Kijana akiondoka kabla ya ubatizo, wazazi wanaumia, lakini hatengwi. Akiondoka baada ya ubatizo amevunja nadhiri, na hapo ndipo ile hoja ya Ammann inamwangukia: wenzake hawali naye meza moja, hawapokei kitu mkononi mwake. Akitubu kwa magoti mbele ya kanisa, anarudi kundini. Wifi yangu alimlaumu baba mmoja wa kwenye riwaya kwa kurasa mia mbili kwamba ana moyo wa jiwe kumwekea binti yake meza ya pembeni. Nilimrudisha sura ya tatu, ubatizo wa binti. Alinyamaza, kisha akasema bado ni jiwe, ila sasa anajua ni jiwe la aina gani.

Swali la pili ni mahali. Kila kundi la familia ishirini, thelathini au arobaini hivi lina kanuni zake za maisha, Ordnung, zisizoandikwa mara nyingi. Huku simu inakaa kwenye kibanda mwisho wa njia, kule hairuhusiwi kabisa. Kwa hiyo usije ukasema Waamishi hawafanyi hivi kwa sababu ya riwaya moja.

Lugha usiihangaikie. Maneno kama denki, gut, Mamm na Daed utayaona yameandikwa hivi leo na vile kesho, kwa kuwa Kijerumani chao cha Pennsylvania ni lugha ya kusemwa zaidi kuliko kuandikwa. Biblia yao ni ya Kijerumani cha Luther, na Kiingereza ni cha shule na cha kuongea na wageni. Mjita anayesema Kijita nyumbani, Kiswahili kanisani na Kiingereza kwenye usaili wa kazi hana haja ya kufafanuliwa. Ila jua tu kwamba yeyote asiye wao wanamwita Mwingereza. Hata Mjaluo wa Rorya akishuka Lancaster leo, ni Mwingereza.

Usiruke kamwe sura ya kuchagua mhubiri, kama ipo. Wanaume waliopendekezwa hukaa mbele, vitabu vya nyimbo vinapangwa, na ndani ya kimoja kuna kikaratasi chenye andiko. Kila mmoja anachukua chake. Anayekuta kikaratasi amekuwa mhubiri papo hapo, bila chuo, bila mshahara, hadi kufa. Huku kwetu mchungaji mpya tungempigia vigelegele na kumpa mbuzi. Kule mke wake hulia, wala si kwa furaha.

Palipo na msamaha, nenda polepole. Riwaya nyingi zinausawazisha kwenye kurasa kumi za mwisho, na hilo huniudhi. Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu mmoja aliingia shule ya Waamishi huko Nickel Mines, Lancaster, akawapiga risasi wasichana kumi; watano walifariki. Yeye mwenyewe akajiua. Majirani Waamishi walikwenda kumfariji mkewe na wazazi wake, na wengine walihudhuria maziko yake. Kwenye nyumba nyingi za kwao kuna kitabu kikubwa cha habari za mashahidi wa imani, na humo yumo Dirk Willems, aliyekuwa akikimbia wafungaji wake juu ya barafu. Aliyemfukuza akadidimia majini. Dirk akarudi kumwokoa, akakamatwa, akachomwa moto mwaka 1569. Watoto wanakua na picha hiyo. Nilipowasomea wenzangu habari ya Nickel Mines, mmoja wetu aliyezika mwanawe aliuliza, "Kwa hiyo walikwenda kwanza, moyo ukafuata?" Nikamwambia sijui kama ulifuata. Hatukuendelea kusoma siku hiyo, tulikunywa chai tukaagana.

Tunasoma Alhamisi, saa kumi, mimi nikitafsiri kwa mdomo maana wawili Kiingereza hakiwapandi. Riwaya tuliyo nayo sasa ni ya Lancaster. Mama amepanda selari safu sita bustanini. Kwetu sisi tuliosoma mapishi hilo si jambo dogo: selari za maziwa ni chakula cha harusi huko, pamoja na kuku wa kuchanganywa na mkate, na harusi zao, hasa za Novemba, huwa Jumanne au Alhamisi, wageni mia tatu na zaidi. Uchumba hufichwa hadi utangazwe kanisani wiki chache kabla ya siku yenyewe, lakini selari haifichiki. Binti bado hajatamka neno. Wifi anasema ni yule kijana wa kiwanda cha mbao, mimi nasema siye.