Kutafuta Dalili za Makazi ya Binadamu wa Kale Jangwani: Mwongozo kutoka Turkana

Mtu anayefika Turkana kwa mara ya kwanza kutafuta mabaki ya binadamu wa kale huinama na kuanza kuokota mawe. Mimi huwashauri wanaojifunza kazi hii waanze kwa kuutafuta ukingo wa maji yaliyokwisha kukauka, kwa kuwa binadamu, awe wa miaka milioni mbili iliyopita au wa miaka elfu kumi, hakuweza kukaa mbali na maji. Mwongozo huu unahusu uchunguzi wa juu ya ardhi magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, na unakoma pale uchimbaji kamili unapoanza.

Hatua ya 1: Vibali na wenyeji

Unahitaji leseni ya utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, pamoja na idhini inayotakiwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Ukiisha kuzipata, nenda kwa chifu na wazee wa eneo hilo kabla hujapiga hema. Wachungaji wa Kiturkana wanaijua kila laga, yaani mto wa msimu ulio mkavu muda mwingi, na kijana anayewafuata mbuzi mwaka mzima huwa ameona chini mambo mengi kuliko mtafiti aliyekuja kwa wiki sita.

Hatua ya 2: Soma nchi kwa kufuata maji

Takriban miaka elfu kumi iliyopita, wakati mvua zilipokuwa nyingi katika sehemu hii ya Afrika, ziwa lilisimama zaidi ya mita 80 juu ya kiwango chake cha sasa, hata likafurika kuelekea bonde la Mto Nile. Lilishuka mno takriban miaka 5,000 iliyopita, na ndiyo maana fukwe za wavuvi wa wakati ule leo ziko mbali na maji, katikati ya vumbi na miiba. Kwenye picha za setilaiti hujitokeza kama matuta yaliyopinda kufuata umbo la ziwa. Ukifika mahali penyewe utakuta kokoto zilizolainishwa na mawimbi, magamba ya konokono wa majini na mifupa ya samaki, wakiwemo sangara wakubwa. Katika maeneo ya aina hii, kama vile Lothagam, ndipo vyusa vya mfupa vimepatikana.

Anayetafuta enzi za kale zaidi aachane na fukwe hizo, afuate kingo za laga zilizokata matabaka ya zamani, hasa penye mistari ya majivu ya volkeno, kwa sababu majivu hayo hupimika umri kwa njia ya argoni, ilhali kipimo cha kaboni 14, kinachotumika kwa mabaki ya viumbe, hakivuki sana miaka 50,000.

Hatua ya 3: Tembea polepole

Wapangeni watu mstari mmoja, mita tano kati ya mtu na mwenzake, asubuhi na mapema au alasiri, jua likiwa chini na kila jiwe likitoa kivuli. Saa sita mchana macho hayaoni kitu, wala akili haitaki kuona. Mwaka 1984, karibu na mto mkavu wa Nariokotome, Kamoya Kimeu, Mkenya mashuhuri wa kutafuta visukuku, alikiona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana kwa rangi na kokoto zilizokizunguka, na kipande hicho kikafungua njia ya kupatikana kwa kiunzi karibu kizima cha mvulana wa Homo erectus, jamii ya binadamu wa kale, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mtu mwenye haraka angekikanyaga akapita.

Hatua ya 4: Tofautisha zana na jiwe la kawaida

Jiwe hupasuka lenyewe kwa joto na kwa kugongana katika mafuriko. Kibanzi kilichopasuliwa na mkono wa mtu huwa na sehemu bapa iliyopokea pigo, na chini yake uvimbe mdogo wa mviringo upande wa ndani. Alama moja haitoshi: tafuta vibanzi kadhaa pamoja na jiwe mama lenye makovu mahali vilipotoka. Shanga za maganda ya mayai ya mbuni na vigae vya vyungu havina utata huo.

Hatua ya 5: Weka alama kabla ya kugusa

Simika bendera ndogo, piga picha yenye kipimo, chukua nukta ya GPS, andika, kisha ndipo uinue. Nilipokuwa mwanafunzi niliokota kisu kizuri cha jiwe jeusi la kioo cha volkeno, nikakitia mfukoni nikidhani nitapakumbuka mahali pale. Sikupakumbuka, na kisu kile hakikunifaa kwa lolote.

Hatua ya 6: Tafuta tabaka lake

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Upepo huondoa mchanga mwepesi na kuviacha vizito vishuke, hivyo kigae cha miaka 3,000 na kibanzi cha miaka milioni moja huweza kulala bega kwa bega juu ya ardhi ileile. Panda mteremko kutoka kwenye vitu vilivyotawanyika hadi pale vinapokoma, kwani tabaka lililovitoa mara nyingi liko hapo. Katika Lomekwi 3, eneo la uchimbaji magharibi mwa ziwa, ambako zana za miaka milioni 3.3 zilitangazwa mwaka 2015, kipande kilichookotwa juu ya ardhi kiliungana barabara na kingine kilichochimbuliwa, na hivyo kuonyesha kwamba vya juu na vya chini vilikuwa vya mahali pamoja.

Ikiwa idhini yako inaruhusu, chimba shimo la majaribio la mita moja kwa mita moja, ukishuka sentimita tano kila mara na kuupitisha udongo wote kwenye chekeche. Ukikuta mfupa wa binadamu au nguzo za mawe zilizosimamishwa, acha kuchimba na uwaarifu Makumbusho ya Taifa na wazee, kwa maana hapo umetoka kwenye makazi na kuingia makaburini. Shimo lisilo na kitu lifukie siku hiyohiyo, kwa sababu jioni mbuzi watapita hapo.