Kabla hujanunua kadi ya gemu, fungua kasha usome stika ya pawa saplai

Ndugu zangu wa Mombasa wenye zile Dell OptiPlex na HP za ofisi, ex-UK kama tunavyoziita hizi kompyuta za mtumba, nawaomba kabla hamjatoa pesa ya kadi ya grafiksi fungueni kasha kwanza muangalie pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, manake hapo ndo watu wanapotupa hela zao na mimi roho yaniuma kila nikiona kijana kajibana miezi mitatu alafu kadi haiwaki.

Ubavuni mwa pawa saplai kuna stika. Tafuta palipoandikwa +12V na ampia zake, zidisha kwa 12, utapata wati. Tuseme umekuta 16A, hio ni 192W. Prosesa kama i5-3470 yala 77W, kadi weka 75W, jumla 152W, zilobaki za disku na feni. Yatosha. Na hio 75W ndo mwisho wa umeme ambao sloti ndefu ya PCIe, ile kadi inapochomekwa, inapitisha yenyewe bila waya wa ziada, na mashine nyingi za ofisi hazina ule waya wa pini sita kabisa. Kwa hivyo kadi yoyote yenye tundu la pini sita iwache, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Mimi napendekeza GTX 1650 ya 4GB, ya 2019. Lakini itazame kwa macho, kuna zingine zina hilo tundu na jina ni hilo hilo. 1050 Ti ya 2016 nayo haizidi 75W na mara nyingi ni rahisi zaidi, ila NVIDIA washaacha kuitolea draiva (programu za kuiendesha kadi) za gemu mpya, zimebaki za usalama tu, kama wacheza gemu za zamani haitakusumbua. GT 1030 ziko aina mbili, ile yenye memori ya DDR4 usiiguse, ni ya polepole. Na kama kasha lako ni lile jembamba, sharti uulizie kadi ya kimo kifupi na bati lake fupi, la sivyo haifungiki.

Usinunue kadi hujaiona ikiwaka. Ndugu yangu mdogo wa Kisauni aliuziwa "1050 Ti" duka moja mjini, kuja kuichomeka nyumbani nafungua GPU-Z, programu ya kutambua kadi, mbele ya jina pameandikwa FAKE, ndani ni chipu ya kitambo ilobadilishwa jina tu, na pesa hakurudishiwa. Ile programu ni ndogo na ya bure, itie kwenye flashi uende nayo, mwambie muuzaji aichomeke kadi mbele yako na uendeshe gemu robo saa nzima hapo hapo, akikataa shukuru uondoke.

Alafu sisi huku pwani tuna hii hewa ya chumvi. Kadi ya mtumba igeuze uangalie yale meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti, ukiona weusi au ukijani chukua raba nyeupe ya penseli usugue polepole kufuata urefu wa meno, pangusa na spiriti, iwache ikauke kabisa. Kadi ya pili tuliyomtafutia ndugu yangu ilikuwa haileti picha, na ni raba tu ilioifufua wallahi. Na pesti ya chipu, ile ya kupitisha joto, badilisha, ikikaa miaka huwa imekauka kama chokaa na hapa kaskazi likianza joto halina huruma.

Kuifunga si kazi. Kama ulikuwa na kadi nyingine toa draiva zake na DDU, programu ya kufutia draiva, ukiwa sefu modi ya Windows, zima, chomoa waya wa stima, bonyeza swichi ya kuwashia mara mbili tatu kumaliza umeme ulobaki, gusa chuma cha kasha, alafu sukuma kadi mpaka usikie klipu imelia tak, kaza skrubu.

Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, usiurudishe kwenye madabodi, wengi hukosea hapo wakasema kadi mbovu. Na kama skrini yako ni ya VGA weka akiba ya kununulia kibadilishi cha HDMI kwenda VGA, hio GTX 1650 na 1050 Ti hazina tundu la VGA.