Kulinganisha alama za taiming cheni: ulegevu ukae upande gani

Jamaa mmoja aliniuliza kwa nini alama zake zilikaa sawa kabisa, halafu alipoiachia tenshena (kifaa kinachosukuma cheni ikaze) kamshafti moja, yaani shafti inayofungua vali, ikahama jino zima. Jibu liko hatua ya 3.

Hatua ya 1. Toa plagi zote, injini izunguke kwa mkono bila kupambana na kompresheni.

Hatua ya 2. Kabla ya kugusa kamshafti, sogeza krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) robo mzunguko kutoka TDC, yaani pale pistoni namba 1 inapokuwa juu kabisa. Kwenye injini ya silinda nne za mstari, pistoni zote zitakuwa katikati na vali hazitakuwa na cha kugonga. Weka kamshafti kwenye alama zake, ndipo uipandishe pistoni namba 1 juu.

Hatua ya 3. Vika cheni, kila pingili iliyopakwa rangi ikae kwenye kitone chake cha alama kwenye gia. Hapa ndipo watu huharibu. Krankshafti huvuta cheni upande wenye reli isiyosogea (kipande kirefu ambacho cheni huteleza juu yake). Tenshena iko upande wa pili. Ulegevu wote lazima uishie upande wa tenshena. Kwa hiyo anzia gia ya krankshafti, panda na reli isiyosogea cheni ikiwa imekaza, pita juu ya kamshafti zote mbili ikiwa bado imekaza, ndipo ushuke. Ukiacha ulegevu upande wa reli, tenshena ikisukuma itauvuta, na kamshafti itazunguka nao.

Jino lisipofika kwenye pingili, usiivute cheni kwa nguvu. Shika kamshafti kwa spana pale kwenye pembe sita uisogeze kidogo, mwenzako akiishikilia, maana springi za vali huirudisha. Praiza isikaribie hapo. Na kama injini ina VVT (mfumo unaobadilisha wakati wa vali kufunguka), hakikisha gia yake imejifunga kwa pini ya ndani kwanza. Isipojifunga, alama zitakudanganya.

Hatua ya 4. Funga tenshena ikiwa imebonyezwa na kuzuiwa kwa pini, kisha chomoa pini. Reli iliyochimbika usiirudishe.

Hatua ya 5. Zungusha krankshafti mizunguko miwili kamili kwa mkono, uelekeo wake wa kawaida. Kamshafti zitakuwa zimezunguka mara moja. Ikigoma, simama hapo hapo: huenda vali imegusa pistoni. Usirudishe nyuma ukiwa umepitiliza alama, kwa sababu tenshena isiyo na presha ya oili hubonyea na cheni inaweza kuruka jino. Zunguka upya mara mbili.

Pingili za rangi sasa zitakuwa zimehama. Ni kawaida, hurudi mahali pake baada ya mizunguko mingi, kwa hiyo usifungue kazi yako. Kagua vitone vya gia dhidi ya alama za bloku na silinda hedi.

Hatua ya 6. Kava, silikoni nyembamba, bolti kwa spana ya toki. Chomoa waya za injekta na koili, piga stata mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi.